Sura ya 6: Nyuma ya Pazia

Mwaka 1994 watafiti wawili wa sauti, Floyd Toole na Sean Olive, waliwaketisha wafanyakazi 40 wa kampuni ya Harman mbele ya spika nne na kuwataka wazipe alama. Tatu zilikuwa kubwa na za bei mbaya. Ya nne ilikuwa seti ya bei nafuu, visanduku vidogo na sabufa yake. Kazi ilifanywa kwa njia mbili. Katika njia moja pazia lilizificha spika zote huku likiachia sauti ipite. Katika nyingine kila mtu aliona anachokisikiliza. Pazia likiwa limefungwa, ile seti ndogo ilishindana na wakubwa wake bila aibu. Macho yaliporuhusiwa kushiriki, alama zake ziliporomoka na za zile kubwa zikapanda.

Lipo jambo jingine katika jaribio lile ambalo mimi naliona zito zaidi. Spika zilipohamishwa sehemu chumbani, sauti ilibadilika kwa kiasi cha kusikika, na waliokuwa hawaoni walilionyesha badiliko hilo kwenye alama zao. Waliokuwa wanaona walielekea kubaki na alama zilezile. Walikwisha kuamua. Na hawa hawakuwa wapita njia waliookotwa barabarani, bali watu waliokuwa wakila mshahara wa kampuni inayotengeneza spika.

Sisemi kwamba masikio hayaaminiki. Utafiti wa miaka iliyofuata ulionyesha kinyume. Mwaka 2003 Olive alichapisha matokeo ya wasikilizaji 268, wengine wamefundishwa kusikiliza na wengine hawajafundishwa kabisa, na makundi yote yalipanga spika nne kwa mfuatano uleule kwa jumla. Tofauti ni kwamba waliofundishwa walikuwa wakali zaidi wa alama na hawakuyumba. Yaani muuza nguo na fundi mitambo, wakifungiwa macho, wanapenda spika ileile. Sikio ni shahidi mzuri, ila anashawishika upesi akipewa rushwa. Kwa hiyo anayetaka kupima spika za rafuni, hasa hizi ndogo ambazo jozi moja huuzwa kwa bei ya bodaboda mpya, kazi yake kubwa ni kuondoa kimoja baada ya kingine vitu ambavyo si spika: bei, sura, ukubwa wa sauti, chumba, na mara nyingine hata wimbo wenyewe.

Ukubwa wa sauti ndio unaodanganya watu wengi. Ingia duka lolote la spika Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, uone muuzaji anavyofanya. Anawasha ya kwanza, unasikiliza. Anahamia ya pili, ile anayotaka uondoke nayo, na mkono wake unapita kwenye kitasa cha amplifaya kidogo tu. "Kaka, sikia mdundo huo!" Kweli unausikia. Tangu mwaka 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson wa Bell Laboratories walipochora mistari ya usikivu wa binadamu, inajulikana kwamba sikio halisikii besi vizuri sauti ikiwa chini, na kwamba sauti ikipandishwa besi hurudi kwa kasi kuliko sauti za kati. Ndiyo maana spika inayocheza kwa nguvu zaidi, hata kwa desibeli moja au mbili, huonekana imejaa na ina uhai. Msikilizaji hasemi "hii iko juu." Anasema "hii ni nzuri."

Tena muuzaji hana haja ya kugusa kitasa. Spika hazilingani kwa wepesi wa kugeuza umeme kuwa sauti. Moja ikitoa desibeli 82 kwa wati moja ukiwa umbali wa mita moja, na nyingine 88, ya pili itashinda duka zima kitasa kikiwa palepale, na ile ya kwanza itahitaji nguvu mara nne ili ziwe sawa. Dawa yake haina gharama. Cheza mvumo wa majaribio, ule unaosikika kama mvua kubwa juu ya bati na ambao hupatikana bure kwenye intaneti. Weka simu yenye programu ya kupimia sauti pale kichwa chako kitakapokuwa. Sawazisha spika zote mpaka namba zilingane ndani ya nusu desibeli. Simu haitakupa kipimo sahihi cha maabara, lakini hapa huhitaji usahihi, unahitaji ulinganifu. Muuzaji anayekataa zoezi hili la dakika mbili amekwisha kukupa jibu.

Mfano wa desibeli 82 sikuutoa hewani. Unatokana na spika mashuhuri kuliko zote za rafuni, na hadithi yake inafaa kusimuliwa kidogo kwa sababu ilizaliwa kwa watu waliokuwa na sababu ya kikazi ya kutojidanganya. Idara ya utafiti ya BBC ilikuwa Kingswood Warren, jumba la zamani huko Surrey, kusini mwa London. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 shirika lilihitaji spika ya kuingia ndani ya magari ya matangazo ya nje, yale yanayoegeshwa uwanjani au kando ya ukumbi. Ndani ya gari hakuna nafasi, fundi amebanwa kiti kwa kiti na ukuta wa bati, na headifoni humchosha akizivaa kutwa. Wahandisi walikuwa tayari wana kisanduku kidogo walichokitumia katika majaribio ya mifano midogo ya studio. Wakakiboresha, kikaitwa LS3/5. Baadaye KEF, kiwanda cha Maidstone kilichokuwa kinawauzia wufa ya sauti za chini na twita ya sauti za juu, kilibadilisha vifaa vyake kidogo, na hilo likalazimisha hesabu zote zirudiwe. Ndipo herufi A ikaongezwa. Ripoti ya wahandisi wa BBC Harwood, Whatton na Mills ilitoka mwaka 1976.

Tazama kitu chenyewe. Kimo chake ni sentimita 30, upana 19, kina 16. Ndani kuna nafasi ya lita tano hivi na hakuna tundu lolote la kupumulia. Mbao zake ni plaiwudi nyembamba, jambo linalomshangaza kila aliyezoea kuambiwa kwamba sanduku zuri lazima liwe zito. Wahandisi wa BBC waliamua kwamba ukuta mnene hukusanya mtetemo wake katika sauti za kati, pale sikio lilipo kali, ilhali ukuta mwembamba uliobandikwa vipande vya lami kwa ndani hutetemeka chini zaidi na hunyamaza haraka. Wufa ni B110 ya KEF, koni yake ni ya plastiki ya Bextrene. Twita ni T27, kuba dogo lililozungushiwa vipande vya sufi nene ili sauti isigonge kingo za sanduku na kurudi ikiwa imechelewa. Kati ya viwili hivyo kuna krosova, saketi ya kuvigawia sauti, iliyosheheni vipuri kuliko spika nyingi za ukubwa huo, kwa sababu BBC hawakutaka tu kugawa kazi karibu na hezi 3,000. Walitaka kusawazisha vilima na mabonde ya kila kifaa.

Na walipima kwa nini? Vipimo vya maabara vilikuwepo, lakini kipimo walichokiheshimu mno kilikuwa sauti ya mtu anayeongea. Mtangazaji anasoma studioni, wahandisi wanamsikiliza ana kwa ana, kisha wanaingia chumba cha mitambo kumsikiliza kupitia spika, wanarudi tena. Muziki hauwezi kutoa hukumu kali hivyo. Gitaa la umeme halina sauti yake ya asili nje ya amplifaya, na hujui fundi wa studio alilitengenezaje. Sauti ya binadamu tumeisikia tangu tumboni, kwa hiyo kosa dogo tu linatukera kabla hatujajua ni kosa gani. Spika ikivimbisha eneo la hezi 100 hadi 200, mtu anaongea kama ana mafua kifuani. Ikivimba karibu na hezi 1,000, anaongea kupitia tundu la mikono. Ikizidisha juu ya 5,000, kila "s" na "sh" inachoma. Kiswahili kinasaidia sana hapa. Mpe mtu asome kwa sauti "shangazi zake wasichokisema sasa" umrekodi kwa simu nzuri, uicheze mbele yake. Utajua mengi kuliko utakayoambiwa na kurasa kumi za sifa za muuzaji.

Kwa muziki nina vipendwa vyangu. Rekodi za Siti binti Saad zilizofanywa Bombay mwaka 1928 ni hazina ya taifa, ila si kipimo cha spika. Zina masafa machache mno na mikwaruzo mingi. Taarabu ya Unguja iliyorekodiwa kwa vipaza sauti vya kisasa ni kitu kingine. Ala ya kanuni hupima twita bila huruma, maana kila uzi unaokwanyuliwa una mwanzo mkali unaokatika ghafla, na spika mbovu huufanya mwanzo huo uwe kelele ya kioo. Fidla zikiwa nne au tano pamoja zinapaswa kubaki nne au tano. Kwa dansi, albamu ya Remmy Ongala ya mwaka 1989, Songs for the Poor Man, iliyorekodiwa Uingereza katika studio za Real World, ina magitaa yaliyopangika vizuri na sauti yake iko mbele, wazi. Olive naye alipochunguza nyimbo zipi zinawasaidia wasikilizaji kutofautisha spika, Fast Car wa Tracy Chapman ulikuwa miongoni mwa zilizofaa zaidi, pamoja na ule mvumo wa majaribio ambao si wimbo kabisa. Vyote hivi vina sifa moja, nayo ni kujaza masafa mengi kwa wakati mmoja bila kufichana. Wimbo wa kompyuta wenye ngoma moja na mlio mmoja utazifanya spika zote zifanane.

Sikiliza kwanza spika moja peke yake. Watu hushtuka nikisema hivyo, kwani wamenunua mbili. Lakini majaribio ya Toole, aliyeyaanza katika Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada huko Ottawa, yalionyesha kwamba kasoro husikika wazi zaidi spika ikiwa peke yake. Mbili zikicheza pamoja, ule upana wa kupendeza unaotokea katikati yao hufunika madhambi mengi. Harman nao walilichukulia suala la mahali spika inapowekwa kwa uzito kiasi cha kujenga, katika maabara yao ya Northridge, California, mtambo unaobadilishana spika kwa nguvu ya hewa ndani ya sekunde chache, ili kila moja icheze ikiwa sehemu ileile hasa. Nyumbani mtambo huo ni mpwa wako mwenye mikono miwili na shuka jeusi lililotandazwa kwenye kamba. Yeye anapanga, wewe unatoka nje akiwa anabadilisha, na haruhusiwi kukwambia neno.

Halafu kuna chumba, na hapa nyumba zetu zina kesi ya kujibu. Wallace Sabine wa Harvard alipoanza kuchunguza mwangwi wa kumbi mwaka 1895, kipimo chake cha kulinganishia kilikuwa dirisha lililo wazi, kwa kuwa sauti ikitoka nje hairudi. Kanuni yake bado inatumika: zidisha ukubwa wa chumba kwa mita za ujazo mara 0.161, gawanya kwa mita za mraba za kinachomeza sauti. Chukua sebule ya mita 4 kwa 3, kimo 2.7, yaani mita za ujazo 32 na kidogo. Kuta ni tofali za saruji zilizopigwa plasta na rangi, sakafu ni marumaru, makochi hayajaletwa. Kinachomeza sauti humo hakifiki mita za mraba mbili, na mlio utachukua zaidi ya sekunde mbili kufa. Leta makochi, mapazia mazito, zulia na watu watatu, mita za mraba zifike kumi, na mlio unakufa kwa nusu sekunde. Spika ni ileile. Aliyeisikia siku ya kwanza alisema ina twita kali. Wa pili alisema ni tamu. Fungua madirisha basi, kama jua la pwani lilivyokwisha kukulazimisha, na utakuwa umefanya marekebisho ya Sabine bila kulipa mtu.

Mapazia na zulia, hata hivyo, hayagusi besi. Sauti ya hezi 43 ina urefu wa mita nane, na sebule yetu ya mita nne inaibeba nusu yake sawasawa: ukutani itavuma, katikati ya chumba itatoweka. Upande wa mita tatu una yake ya hezi 57. Chumba cha mraba ni kibaya kuliko vyote kwa sababu pande mbili zinapigia kelele noti moja. Kwa hiyo mtu akikwambia spika fulani ina besi chafu, muulize kwanza alikuwa amekaa wapi. Chini ya hezi 200 au 300 hivi unasikiliza chumba kuliko spika, na hukumu yako juu ya spika inapaswa kuanzia hapo kwenda juu.

Huko juu, sauti inayofika sikioni si ile tu iliyotoka moja kwa moja. Nyingine imegonga ukuta wa kulia, dari, sakafu. Ndiyo maana wapimaji wa leo hawaridhiki na mstari mmoja ulionyooka uliopimwa mbele ya twita, mstari ambao kila kiwanda kinauchapisha kwa fahari. Wanaizungusha spika kwa nyuzi kumi kumi, mlalo na wima, wapate vipimo 70. Kinachotafutwa ni kwamba sauti ya pembeni ipungue polepole, bila kuruka. Mwaka 2004 Olive alichukua vipimo vya namna hiyo vya spika 70 na kujaribu kutabiri alama ambazo watu wasioziona wangezipa. Utabiri ulikaribiana sana na alama halisi. Sikio na chombo vinakubaliana, mradi chombo kipime kila upande na sikio lisione bei. Unaweza kulithibitisha bila chombo: cheza ule mvumo, simama mbele ya spika, kisha tembea taratibu kwenda kando. Ukiwa hatua ya pili na mvumo ukageuka ghafla kuwa kitu kingine, hapo ndipo wufa na twita vilipoachana mkono.

LS3/5A haipiti mtihani huo kwa alama za juu, lazima ikubaliwe. Ina kilima kidogo karibu na hezi 1,200 kinachoipa sauti ya watu wazima haiba fulani ya pua, na vilevile ina ujanja wa besi. Sanduku la lita tano haliwezi kushuka. Kufikia hezi 70 imekwisha kuanza kukata tamaa. Wahandisi wakaacha uvimbe mdogo juu ya hezi 100 ili kufidia. Ujanja huo unafanya kazi kwa sababu ubongo ni mkarimu: uzi mnene wa gitaa la besi hutoa hezi 41, lakini pamoja nazo hutoa 82, 123 na 164, na ubongo ukipewa hizo za juu kwa mpangilio huijenga ile 41 wenyewe. Katika gari la matangazo, ambako kazi ni kujua kama mtangazaji anasikika sawa, huo ulikuwa uamuzi wa busara. Katika sebule ya mtu anayecheza dansi la bendi ya Sikinde Jumamosi jioni, si busara. Uwezo wake ni wati 25 hivi. Kwa desibeli 82 za kuanzia, hiyo ni desibeli 96 ukiwa mita moja, pungufu ukiwa kwenye kochi, na baada ya hapo ni moshi.

Bado makumi ya maelfu ya jozi zilitengenezwa kwa leseni na Rogers, Spendor, Harbeth na wengine, mpaka KEF ilipoacha kutengeneza vifaa vyake mwishoni mwa miaka ya 1990. Leo zinaundwa upya na Falcon, kampuni iliyoanzishwa na Malcolm Jones, yuleyule aliyebuni B110 na T27 akiwa KEF, kwa zaidi ya pauni 2,000 jozi. KEF wenyewe mwaka 2012, katika kuadhimisha miaka yao 50, walitoa LS50 wakiikumbuka ile ya kale, ila twita wameiweka katikati ya wufa ili pembeni kusiwe na ugomvi. Nyuma ya pazia, kwa muziki wa kila aina, ningeweka fedha yangu kwa LS50. Kwa sauti ya mwanamke anayeimba karibu na kipaza sauti, au taarifa ya habari ya usiku, ningesita.

Mwenye kupenda dansi asitafute besi kwenye rafu kabisa. Anunue ndogo iliyo safi kuanzia hezi 80, kisha sabufa ibebe zilizobaki chini. Sabufa nayo ina namna yake ya kupimwa: iweke kwanza pale unapoketi, juu ya kochi lenyewe, cheza mstari wa besi unaopanda na kushuka, halafu tambaa sakafuni ukizunguka chumba, sikio likiwa chini. Pale ambapo kila noti inasikika kwa nguvu moja, ihamishie hapo, hata kama ni nyuma ya kiti cha shangazi na yeye hajafurahi.